Mbele 205, Nyuma 185

Obihiro, Hokkaido
5 Oktoba 2014

Kwako Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama Mkubwa pia, na kwamba mgongo haukusumbui kama zamani kila mnapoukaribia msimu wa kubadilisha matairi ya theluji. Mimi huku ni mzima. Baridi imeshaanza kubisha hodi, viazi vimeng'olewa, mashamba yamebaki udongo mtupu.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Ni miaka kumi na moja sasa. Sikuandika kwa sababu siku ya mazishi ya Keigo, Mama Mkubwa alinishika mkono mbele ya watu, akanitoa mpaka barabarani, akaniambia nisikanyage tena nyumba ile. Nilimtii. Nilikuwa na miaka ishirini na nyumba nyingine sikuwa nayo. Tangu baba yangu afe na mama aolewe Osaka, nyumba yangu ilikuwa yenu, na Keigo, mwanenu wa pekee, alikuwa kaka yangu. Basi nikaondoka nikaja kuishia huku. Naendesha lori la maziwa. Barabara zetu zimenyooka, unaweza kwenda nusu saa bila kupata kona hata moja, na ukweli ni kwamba nilizichagua kwa sababu hiyo. Nimeoa. Mke wangu anaitwa Mizuho. Siku ya harusi aliniuliza ndugu zangu wako wapi, nikamwambia sina.

Siandiki kuomba kitu. Naandika kuuliza habari za matairi, maana katika watu ninaowajua hakuna anayeyajua kama wewe. Nimenunua ile gari ndogo ya viti viwili, turubai juu, taa zinazochomoza kama macho ya chura. Ndiyo, ile ile aliyokuwa nayo Keigo. Usiniulize kwa nini. Imekuja na matairi yake ya kiwandani, ya upana wa milimita 185. Nataka kufunga 205. Vijana wa huku wanasema gari litashika barabara kama limegandishwa kwa gundi, wengine wanasema nitaliharibu. Wewe unasemaje?

Kama hutajibu nitaelewa.

Ni mimi mwanao,
Shinpei


Suzaka, Nagano
19 Oktoba 2014

Mwanangu Shinpei,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa fundi wa matairi usipouma ujue alikuwa mvivu. Tufaha zimeiva, nimekutumia boksi moja, anwani iliyoandikwa juu yake ni ya duka. Na wewe ukiandika, andika kwa anwani ya duka. Nyumbani barua anafungua Mama Mkubwa wako.

Umeniuliza swali la dukani, nami nakujibu la dukani.

Hao vijana wako wa Hokkaido wanaokwambia gari litaganda barabarani, waulize kona ya mwisho waliyokata ni ipi, ya kuingia chooni? Gari lako halifiki tani moja, na injini yake ina nguvu ya kutosha tu. Aliyelichora alilipa 185 akijua anachofanya. Tairi jembamba kwenye gari jepesi linaongea na dereva. Likianza kuchoka linakwambia taratibu, usukani unalegea kidogo, mkia unajisogeza kidogo, nawe una muda wa kusahihisha. Ukifunga 205, kwenye lami kavu litashika zaidi, siwezi kukudanganya. Utaingia kona kwa mwendo ambao zamani ungekutoa jasho. Lakini likifika mwisho wake halikuambii. Linaachia ghafla, na wewe wakati huo uko kwenye mwendo mkubwa kuliko zamani.

Halafu usukani utakuwa mzito. Gari litafuata kila mfereji uliochimbwa na malori yenu ya maziwa, utakuwa kama unamvuta mbwa aliyenusa kitu. Mafuta litakunywa zaidi, na kuondoka litachelewa, maana ringi na tairi pana ni uzito unaouzungusha kila saa. Kama lazima upanue, chukua tairi la ukuta mfupi ili kimo cha gurudumu kisibadilike, la sivyo spidi unayosoma kwenye dashibodi itakuwa ya uongo. Na usichukue ringi nzito kwa sababu inang'aa. Wewe ulikuwa na ugonjwa huo.

Mvua ndiyo usiisahau. Tairi pana linakalia maji badala ya kuyakata. Kwenye dimbwi gari jepesi linaelea, na likielea wewe ni abiria tu.

Basi nimeshakwambia. Sasa fanya unavyotaka, ndivyo mlivyokuwa mkifanya siku zote.

Baba Mkubwa wako


Obihiro
9 Novemba 2014

Shikamoo Baba Mkubwa,

Habari za huko? Huku theluji ya kwanza imeanguka Jumanne ikayeyuka. Tufaha zimefika salama, Mizuho amekula nne akiwa amesimama. Aliuliza zimetoka wapi. Nikasema kwa Baba Mkubwa. Akasema, "Kumbe unaye?"

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mpaka nikaisikia sauti yako na harufu ya duka. Lakini kichwa changu unakijua. Nimenunua 205, ringi nyepesi, usiwe na wasiwasi. Tatizo ni moja. Ya mbele yameingia bila shida. Ya nyuma yanakwaruza ukingo wa madigadi, na fundi wa hapa anasema lazima aupashe moto aukunje kwa ndani, na nafasi ataipata wiki ijayo. Basi kwa sasa nina 205 mpya mbele na 185 zilizochakaa nyuma. Jumapili ijayo kabla theluji haijakaa nataka kuvuka nalo milima ya Hidaka, kwenda na kurudi. Fundi anasema wiki moja haina neno. Wewe unaonaje?

La pili ni hili. Juni ijayo ni kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu wa Keigo, kwa hesabu yetu ya kuanzia mwaka wa kifo. Naomba kuja. Watu wa Suzaka wanasema tulikuwa tunashindana siku ile kwenye barabara ya mlima wa Inago, kwamba mimi nilikuwa mbele na yeye ananifukuza mpaka akatoka nje kwenye kona ya tatu. Kuwa mbele nilikuwa mbele. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na nilikuwa nashuka kwa mwendo wa basi la wazee. Nilimwambia hivyo polisi, nikamwambia hivyo Mama Mkubwa, hakuna aliyenisikia. Sitaki kusafishwa mbele ya watu. Nataka nisimame kaburini kwa kaka yangu nichome ubani, na Mama Mkubwa ajue kwamba sikumuua mwanawe. Hicho tu.

Mwanao,
Shinpei


Suzaka
11 Novemba 2014
BARUA YA HARAKA

Shinpei,

Usiliendeshe. Toa yale ya mbele leo, rudisha 185 zote nne. Kama huna jeki, azima. Usilipeleke hata dukani kununua sigara.

Huyo fundi wako hajui kazi, au anajua na ni mvivu, na la pili ni baya zaidi. Ukiweka mapana mapya mbele na membamba yaliyochakaa nyuma, pua inashika na mkia haushiki. Kwenye lami kavu hutaona kitu, utasema gari limekuwa tamu, linageuka kwa kulifikiria tu. Ikinyesha, ukiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, mkia unakuja mbele kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Tairi zuri linakwenda nyuma. Siku zote nyuma. Nimewafundisha hivyo watu thelathini na wewe ukiwemo.

Nisamehe sijakujulia hali. Nipigie simu dukani ukishayatoa, uniambie neno moja tu, "tayari," halafu ukate.

Baba Mkubwa


Obihiro
20 Novemba 2014

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini u mzima. Samahani sikupiga simu. Nilitaka kuisikia sauti yako na nikaogopa.

Gari halijaenda popote. Limekaa juu ya mawe tangu mwezi uliopita. Barua yangu ya mwisho ilikuwa mtego, na naomba radhi kwa kukutega, ila sikuona njia nyingine.

Yaliyotokea ni haya. Mwishoni mwa Oktoba yalikuwa kweli 205 mbele na 185 nyuma, kwa sababu ile ile ya madigadi. Nililitoa gari kwenye gereji ya rafiki, nikalipitisha kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari, mahali pa kuegesha malori. Kulikuwa na mvua. Nilikata kona kwa mwendo wa kilomita arobaini, nikaachia mafuta kidogo, na sekunde iliyofuata nilikuwa nimetazama nilikotoka. Sikugonga kitu. Nilikaa pale injini imezimika, na nikamsikia Keigo.

Siku ile chini ya Inago tulisimama kwenye mashine ya vinywaji. Alikuwa na kahawa ya kopo. Akapiga teke gurudumu la mbele akasema, "We dogo, ona viatu hivi. Mzee kanifungia jana, 205! Nyuma Jumatatu, kasema madigadi yanataka kukunjwa kwanza." Mimi nikamwambia, "Tembea nayo basi hivyo hivyo, kama mtu aliyevaa buti moja na kandambili moja." Tukacheka. Baba Mkubwa, tulicheka. Nilikuwa nimeyasahau maneno yale kwa miaka kumi na moja, kwa sababu saa moja baadaye alikuwa amekufa na akili yangu ilibaki kwenye kioo cha nyuma, nikitazama taa zake zikipotea.

Kwa hiyo nikakuandikia nione utajibu nini. Barua yangu ya kwanza ilikaa wiki mbili. Hii uliijibu mara tu ilipokufikia. Kuhusu kumbukumbu hukusema hata neno.

Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mzazi. Ni wewe uliyemfungia, na ulimwacha atoke vile?

Mwanao,
Shinpei


Suzaka
3 Februari 2015

Mwanangu Shinpei,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Theluji ya mwaka huu imevunja paa la ghala la jirani. Mama Mkubwa wako alikuwa na mafua, amepona. Natumaini wewe na mkeo mko salama.

Nimeandika barua hii mara sita. Tano nimezichoma kwenye jiko la duka.

Ni mimi.

Jumamosi ile alikuja na ringi zake amezibeba kama mtoto aliyeshinda zawadi. Ya mbele niliyafunga kwa nusu saa. Ya nyuma yaliingia, ila yalitokeza nje ya madigadi kwa upana wa kidole. Kidole kimoja, Shinpei. Yasingekwaruza kama angekwenda polepole. Lakini wiki iliyofuata gari lilikuwa na zamu ya ukaguzi, na mkaguzi akikuta tairi limetokeza nje ya bodi anakurudisha. Miaka yote ile halikuwahi kurudishwa gari lililotoka kwangu. Na watu je? Gari la mwanangu lipite mbele ya posta tairi zimechungulia nje, waseme huyo ndiye Yanagisawa anayetupimia sisi kwa milimita? Nikayatoa ya nyuma nikarudisha yale yake ya zamani. Nikamwambia tutakunja Jumatatu. Ya mbele angeniachia niyatoe pia, lakini alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa na magari matatu yanasubiri.

Utasema nilimwonya. Sikumwonya. Mteja ningemwambia, "Usipande mlima na hili." Mwanangu nikaona anajua, amekulia chini ya jeki. Nilimwambia tu asichafue viti.

Gari nililivuta mwenyewe kutoka bondeni na lori la duka. Polisi walipima barabara, walipima alama za breki, matairi hawakuyatazama. Niliyatoa yote manne nikayaficha ghalani nyuma ya matairi ya trekta. Mama Mkubwa wako akanijia pale uani akaniuliza, "Kwa nini? Alikuwa anaijua barabara ile tangu utoto, kwa nini?" Nikamjibu, "Alikuwa anamfukuza Shinpei." Sijui yalitoka wapi. Yalitoka tu. Kesho yake alikuwa ameshawaambia dada zake, na keshokutwa mji mzima ulikuwa unayasema, nami ningeyarudishaje?

Sasa unisikilize bila hasira, ukiweza. Siwezi kumwambia. Mwanamke yule alikuwa halali usingizi, hali chakula, na siku aliyokufukuza wewe ndiyo siku ya kwanza aliyokula wali. Amesimama juu ya hasira ile miaka yote hii. Nikimwondolea ataanguka, na akianguka ataniangukia mimi, na mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Njoo Juni, lakini njoo siku ya pili yake, watu wakishatawanyika. Nitakupeleka kaburini mwenyewe na ubani nitanunua mimi.

Na matairi yako, fundi akishakunja yale madigadi, apime nafasi gari likiwa limebeba mtu, si likiwa tupu. Wengi wanasahau.

Baba Mkubwa wako


Obihiro
22 Februari 2015

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima.

Umeniandikia kurasa tatu, na mwisho wake ukanifundisha kupima madigadi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mizuho akaja kutazama. Halafu nikamweleza yote. Ni mara ya kwanza kumweleza mtu. Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiwe mkongojo wa Mama Mkubwa." Mimi sikuwa nimepata neno la kujiita, yeye alilipata mara moja.

Nimekasirika. Uliniomba nisikasirike na sijaweza. Tairi nakusamehe. Nakuapia kwa roho ya Keigo, tairi nimekusamehe siku ile ile niliyosoma. Fundi anakosea, nami nilikuwepo nikaona gurudumu lile nikafanya mzaha. Lakini ulisimama kwenye ngazi ya nyumba siku ya mazishi. Nilikutazama wakati Mama Mkubwa ananivuta. Nilidhani uso wako ule ni wa msiba. Ulijua ninatolewa kwa sababu ya maneno yako, ukaacha nitolewe, na begi langu ulilileta stesheni siku ya pili ukanipa na vitumbua vya maharage vya kula njiani. Miaka yote hii nimekuwa nikivikumbuka vitumbua vile kama wema wako wa mwisho.

Sitakuja siku ya pili. Mimi si mwizi wa kuingia watu wakishatoka.

Mama Mkubwa sitamwandikia. Ningeweza, anwani ya nyumba ninayo kichwani. Lakini likitoka kwangu litakuwa kisingizio cha muuaji. Lazima litoke kwako. Kumbukumbu ni Jumapili tarehe 14 Juni. Mwambie kabla ya siku hiyo, nami nitakuja, nitakaa pamoja nanyi mbele ya kasisi wa hekalu kama mtoto wa nyumba. Usipomwambia, usiniandikie tena, si habari za tufaha wala za matairi.

Mwanao,
Shinpei


Suzaka
28 Mei 2015

Mwanangu mpendwa Shinpei,

U hali gani, na Mizuho je? Sisi wazima kabisa. Mashamba ya mpunga yamejaa maji na vyura wanapiga kelele.

Nimemwambia.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu kwenye mfuko wa ovaroli, hata imeshika grisi. Juzi alikuwa anamenya machipukizi ya mianzi, mimi nimekaa mbele yake na gazeti ambalo silisomi. Nikasema, "Fumie, siku ile Keigo alikuwa na tairi pana mbele na jembamba nyuma. Ni mimi niliyemwacha vile." Hakuacha kumenya. Nikaendelea, "Shinpei hakushindana naye. Nilikudanganya."

Akasema, "Najua."

Nikadhani hakusikia vizuri. Akaweka kisu chini. Akasema, "Nimekuwa mke wa fundi wa matairi tangu nina miaka ishirini na moja. Wiki ile ile, kabla ya mazishi, niliingia ghalani kutafuta pipa la achari, nikayaona. Mawili mapya mapana, mawili yamekwisha meno. Unadhani mimi sijui kuhesabu mpaka nne?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimfukuza mtoto. Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "Ningefanya nini? Nikuchukie wewe, halafu asubuhi nikupikie supu? Niliwaza sana, Tokuji. Ilikuwa lazima mmoja wenu aondoke. Yeye alikuwa kijana, angepata pa kwenda. Mimi sikuwa na pa kwenda." Akaendelea na mianzi yake.

Sijui nikueleze nini nilichosikia moyoni. Miaka kumi na miwili nimembebea siri, kumbe naye anaibeba upande wake, tunapishana nayo kwenye mlango wa bafu. Nikamwambia una haki ya kuja. Akasema, "Aje. Nitampokea vizuri."

Umesikia? Kwa mdomo wake. Nadhani yamekwisha, mwanangu. Nimepumua. Njoo, vaa suti nyeusi, treni ya Nagano inafika saa nne kasorobo, nitakuwa stesheni. Ukija na gari, njoo na matairi manne yanayofanana, mwenda wazimu wewe.

Baba yako mkubwa anayekusubiri


Obihiro
18 Juni 2015

Baba Mkubwa,

Natumaini u mzima.

Nimefika salama. Mizuho alinipokea uwanja wa ndege. Aliniuliza imekuwaje, na kwa kuwa sikuweza kumjibu, nakueleza wewe uliyekuwepo.

Asubuhi nilifurahi, hilo niseme. Ulikuja stesheni mapema, umenyoa vibaya chini ya kidevu. Hekaluni nilikaa nyuma yenu. Ubani nilichoma. Kwenye jiwe la kaburi nililisoma jina lake kwa kidole, nikamwambia Keigo mambo yangu. Kama ningegeuka hapo nikaondoka, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Lakini kulikuwa na chakula. Watu thelathini mezani, na Mama Mkubwa ameniweka karibu na kasisi, mahali pa mgeni wa heshima. Alinipokea vizuri kama alivyoahidi. Aliinama kabisa, akasema, "Bwana Shinpei, asante kwa kuja kutoka mbali." Bwana Shinpei! Mwanamke aliyekuwa akinikata kucha.

Ndipo mzee Nishizawa wa duka la pombe akainuka na kikombe chake, macho mekundu. Unakumbuka alichosema. Nakiandika hata hivyo. Alisema, "Mama Yanagisawa, mimi nimezeeka lakini sijaona moyo kama wako. Kumkalisha mezani aliyemponza mwanao wa pekee! Sisi wengine tungeweza?" Shemeji zako wakaanza kujifuta machozi.

Kila mtu akamtazama Mama Mkubwa, na Mama Mkubwa akakutazama wewe. Nilikutazama na mimi. Ulikuwa unatoa miiba kwenye samaki. Nilihesabu, Baba Mkubwa. Ulitoa miiba mitatu. Ungesema neno moja, hata ungekohoa, mimi ningeliona linatosha.

Mama Mkubwa akasema, "Yamepita. Alikuwa mtoto."

Na wewe ukaja na chupa, ukanijazia, ukasema kwa sauti ya wote kusikia, "Kunywa, mwanangu. Leo yamekwisha."

Nilikunywa. Hilo ndilo lisiloniacha nifanye kazi. Watu thelathini walikuwa wananingoja, wameweka vijiti chini, na mimi nimelelewa vizuri, mmenilea wenyewe. Niliweka mikono kwenye mkeka, nikainama mpaka paji la uso likagusa chini, nikasema, "Asanteni kwa kunisamehe." Mdomo wangu mwenyewe ulisema. Hakuna aliyenishika.

Mpaka Jumapili nilikuwa mtu anayesingiziwa, na mtu anayesingiziwa ana kitu chake, anajua moyoni kwamba siku moja ukweli utajulikana. Sasa nimekiri mbele ya kasisi na mji mzima. Nimesamehewa kosa lako, na mlionisamehe ni ninyi wawili. Mama Mkubwa amepata sifa, wewe umepata kupumua, na mimi nimepewa boksi la keki lililofungwa vizuri, kama wageni wote.

Sidhani kama mlipanga. Mngekuwa mmepanga ningewachukia nikapata nafuu.

Gari nimeliuza Jumanne kwa mwalimu mmoja. Nilimrudishia 185 zote nne, nikapima upepo mwenyewe, nikamweleza kila kitu kama ulivyonieleza wewe, mvua, mifereji, mkia, mpaka akasema, "Unaonekana unayajua sana matairi, nani alikufundisha?" Nikamtajia jina lako. Alinishukuru, akaondoka nalo taratibu.

Usijibu barua hii. Ukijibu utaniambia ulikuwa unataka kusema na koo likakauka, nami nitakuamini, na sitaki tena kukuamini. Mwangalie Mama Mkubwa, baridi ikija mafua yake yasishuke kifuani.

Hapa chini nilitaka kuandika mwanao, kama siku zote. Nimekaa na kalamu dakika nyingi, na mkono umekataa.

Shinpei